Kiu ya Sigara Inapokushika: Mwongozo kwa Aliyeacha Kuvuta

Jambo la kwanza kulijua ni hili: kiu ya sigara huisha yenyewe, uvute usivute. Mvutaji huamini kuwa sigara ndiyo iliyoiondoa, kwa sababu aliwasha, akavuta, ikapoa. Asingewasha ingepoa vilevile, mara nyingi ndani ya dakika 3 hadi 5, na zile kaidi ndani ya 10. Ipo tofauti moja tu, nayo ni kubwa: kiu iliyopewa sigara hurudi na nguvu zilezile, na kiu iliyonyimwa hurudi ikiwa imepungukiwa.

Kwa hiyo mtu aliyeacha juzi hahitaji ujasiri wa mwaka mzima. Anahitaji kuvuka dakika chache, mara nyingi kwa siku mwanzoni, halafu mara chache, halafu kwa nadra. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa kumfikiria mtu aliyeweka tarehe ya kuacha na hajaifikia. Kama umeshaacha na leo hali ni mbaya, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5, ivuke kiu uliyo nayo sasa hivi, kisha urudi huku juu ukiwa umetulia.

Hatua ya 1: Tambua kuwa kiu ni mbili

Ya kwanza ni ya mwili. Moshi ukiingia kifuani, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko hushika vipokezi fulani vya neva na kusababisha kumiminika kwa dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo hili lirudiwe. Ubongo unaopata nikotini kila siku huongeza idadi ya vipokezi hivyo. Na kwa kuwa nusu ya nikotini iliyomo kwenye damu hutoweka kila baada ya saa 2 hivi, haupiti muda mrefu kabla vipokezi havijaanza kudai, na mtu huwasha tena.

Unapoacha, vipokezi vilivyozidi hubaki bila kitu, nawe unayaona matokeo yake: hasira za karibu, kutotulia, kushindwa kukaza fikra, usingizi wa kukatikakatika, huzuni, njaa isiyoisha. Wengine huiita arosto. Huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hufika kileleni siku ya 2 au ya 3, na kwa watu wengi hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Vipokezi vyenyewe hurudi kwenye idadi ya kawaida baada ya wiki 6 hadi 12 hivi.

Kiu ya pili ni ya mazoea. Mtu wa sigara 20 kwa siku, akipiga pafu 10 kwa kila moja, amepeleka mkono mdomoni mara 200 kwa siku, zaidi ya mara 70,000 kwa mwaka. Kila mkono ulipokwenda mdomoni palikuwa na kitu kingine pembeni: kikombe cha kahawa, simu, kusubiri basi, ugomvi, kazi iliyokwisha. Vyote hivyo vimefungamana na sigara. Wazee walisema mazoea yana tabu, na tabu ya mazoea haya ni kwamba hayaulizi kama damu yako bado ina nikotini. Yanaamshwa na mahali, saa, harufu au sura ya mtu, na yanaweza kukukamata mwezi wa 5, wakati mwili ulishatulia zamani.

Utazitofautisha hivi. Kiu ya mwili hukaa chini kwa chini kutwa nzima, hali ya kukosa raha ambayo huwezi kusema imetokana na nini. Kiu ya mazoea huja ghafla na kwa ukali, na ukitazama kilichotokea dakika moja kabla yake utamkuta mchokozi. Ya mwili hutibiwa kwa muda na dawa. Ya mazoea hutibiwa kwa kubadili mpangilio wa siku. Naamini wengi hukwama kwa kuwa wametibu moja na kuiacha nyingine: huyu amebandika kibandiko cha nikotini lakini anaketi kwenye kiti kilekile, saa ileile, na wavutaji walewale, yule amebadili maisha yote lakini mwili wake unateseka bila msaada wowote.

Hatua ya 2: Andika kabla haijaja

Chukua daftari au simu. Kwa siku 3 au 4 kabla ya tarehe yako, kila unapowasha sigara andika saa, mahali, uliyekuwa naye, ulichokuwa unahisi, na ukali wa hamu kuanzia 0 hadi 10. Usijihukumu, andika tu. Kama umeshaacha, andika kwa kumbukumbu. Utashangaa jinsi unavyozikumbuka sigara zako.

Ukimaliza utaona kwamba nyingi kati ya hizo sigara zilikuwa za 3 au 4 kwa ukali, zilivutwa tu kwa kuwa zilikuwepo. Hizo zitaondoka bila vita. Zile za 8 na kuendelea ndizo za kufanyia kazi. Kwa kila moja tunga sentensi yenye sehemu mbili: likitokea hili, nitafanya hili. Kwa mfano: "Nikimaliza kula, nitaondoka mezani papo hapo na kwenda kupiga mswaki." "Mwenzangu akitoa pakiti, nitasema nimeacha na nitasogea upande upepo unakotokea." "Nikikata simu ya bosi nikiwa na hasira, nitashuka ngazi hadi chini na kupanda tena."

Usiridhike na sentensi kama "nitajizuia" au "nitakuwa imara". Hizo hazisemi mikono na miguu yako ifanye nini. Kiu inapokuwa juu, akili haina utulivu wa kubuni njia. Itashika njia yoyote iliyo wazi mbele yake, na iliyozoeleka zaidi ni ile ya pakiti. Uamuzi uwe umeshafanyika wakati ulipokuwa mtulivu.

Hatua ya 3: Weka umbali

Tupa sigara zote, hata kipande kilichosahaulika kwenye droo. Toa viberiti, visahani vya majivu, pakiti tupu. Fua nguo na mapazia, safisha gari. Kama nyumbani kuna mtu mwingine anayevuta, mwombe avutie nje na asiache pakiti mezani. Huhitaji kumshawishi aache. Mwombe hilo tu.

Wapo wanaoshauri kuweka sigara moja ya dharura ili moyo utulie kwa kujua kwamba ipo. Mimi napinga kabisa. Kiu hudumu dakika 5. Kama sigara iko umbali wa dakika 20, kiu itakuwa imekufa kabla hujaifikia; kama iko mfukoni, hapana kitakachokuzuia isipokuwa nia, na nia siku ya 3 ni chache.

Hatua ya 4: Usione haya kutumia dawa

Wako watu wanaodhani kuacha kwa dawa si kuacha. Nasikitika kila ninaposikia hivyo, kwa sababu maneno hayo yamewarudisha wengi kwenye sigara. Nikotini ndiyo inayofunga mtu, lakini kinachomuua mvutaji hasa ni moshi: lami, kaboni monoksidi na kemikali zaidi ya 7,000, ambazo 70 hivi zinajulikana kusababisha saratani. Kibandiko au chingamu humpa mtu nikotini kidogo, polepole, bila moshi, ili kiu ya mwili ipoe na yeye apate nafasi ya kushughulikia ya mazoea. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza mwongozo wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, na dawa linazozipendekeza ni vareniklini, nikotini mbadala, bupropioni na sitisini, zikiambatana na ushauri.

Kibandiko huwekwa asubuhi kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele, na kila siku mahali papya ili ngozi isichubuke. Aliyekuwa anavuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na cha miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Wa sigara 10 au pungufu huanzia 14. Ukianza kuota ndoto kali au kukosa usingizi, kibandue kabla ya kulala.

Chingamu ya nikotini ina nguvu mbili. Kama sigara yako ya kwanza ilikuwa ndani ya dakika 30 tangu kuamka, tumia ya miligramu 4; kama ilikuwa baadaye, ya 2 inatosha. Namna ya kuitumia ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu huitafuna kama chingamu ya kawaida. Itafune taratibu hadi uhisi ukali kama wa pilipili, kisha isukume kati ya shavu na ufizi uiache hapo. Ukali ukiisha, tafuna tena kidogo, iegeshe upande mwingine. Endelea hivyo kwa nusu saa hivi. Nikotini inapaswa kuingia kupitia ngozi ya ndani ya mdomo. Ukiitafuna kwa pupa utaimeza na mate, nayo itakuletea kwikwi na kiungulia huku kiu ikibaki palepale. Usile wala kunywa kahawa, soda au juisi kwa dakika 15 kabla yake, maana uchachu wa vinywaji hivyo huzuia nikotini kupenya.

Kutumia vyote viwili, kibandiko kwa kiu ya kutwa na chingamu kwa kiu ya ghafla, husaidia zaidi kuliko kimoja peke yake. Makosa ninayoyaona ya kawaida ni kutumia kiasi kidogo mno na kuacha mapema mno, wiki ya 2 au ya 3, pale mtu anapojiona amepona. Panga wiki 8 hadi 12.

Vareniklini na bupropioni hazina nikotini, na huanzwa wiki moja au zaidi kabla ya tarehe ya kuacha, kwa ushauri wa daktari. Bupropioni haimfai mtu mwenye kifafa. Mjamzito, mwenye umri chini ya miaka 18, na aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni wazungumze na daktari kabla ya kugusa dawa yoyote kati ya hizi. Na ukiwa unatumia dawa za maradhi mengine, mjulishe daktari kwamba umeacha sigara. Moshi hulifanya ini livunje baadhi ya dawa kwa kasi, zikiwemo theofilini ya pumu na klozapini na olanzapini za maradhi ya akili. Moshi ukikoma, kiwango cha dawa hizo kwenye damu kinaweza kupanda na dozi ikahitaji kupunguzwa.

Hatua ya 5: Vuka dakika tano

Kiu imekushika. Fanya haya kwa mfuatano.

Tazama saa. Sema kimoyomoyo au kwa sauti: "Ni saa nne na dakika kumi. Hadi na robo sivuti." Usijiahidi chochote kuhusu jioni au kesho. Kuitazama saa kunaipa kiu mwisho unaoonekana, na kitu chenye mwisho huvumilika.

Ondoka ulipo. Kama umekaa, simama. Kama uko ndani, toka. Kama uko nje na wavutaji, ingia. Kiu ya mazoea imeshikamana na mahali, na mara nyingi kuhama chumba tu kunaipunguza.

Pumua. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, ishikilie kidogo, itoe kwa mdomo polepole ukihesabu hadi 6 au 8. Rudia mara 10. Hapa kuna jambo ambalo wavutaji wengi hawakuwahi kuligundua: sehemu ya utulivu waliokuwa wakiupata kwenye sigara ilitokana na kule kupumua kwa kina tu, kusimama kando, kunyamaza dakika chache. Hilo unaweza kuendelea nalo bila moshi. Nakusihi hata ulifanye kuwa desturi: chukua mapumziko yako ya sigara kama zamani, uyajaze hewa.

Kunywa maji baridi, kwa mafunda madogo, bila haraka. Mdomo umepata kazi, koo limepata kitu cha kuhisi. Mikono nayo ipe kazi. Osha vyombo, kunja nguo, zungusha kalamu, menya tunda. Mikono iliyolowa maji haiwashi sigara.

Kama kiu bado ipo, tembea. Kutembea haraka kwa dakika 10 hupunguza hamu ya sigara wakati uleule wa kutembea na kwa muda fulani baada ya hapo, na katika yote niliyoyataja hii ndiyo ningeipendelea kama ungeweza kuchagua moja.

Zipo saa ambazo huwezi kwenda popote: uko kikaoni, kwenye basi, au usiku wa manane kitandani. Hapo tumia njia ya mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliyewafundisha watu kuitazama hamu kama wimbi baharini: linainuka, linafika juu, linavunjika, na anayejua kuelea juu yake halimzamishi. Fumba macho au tazama sehemu moja. Tafuta kiu yako iko wapi mwilini. Kifuani? Kooni? Kwenye taya, vidoleni, tumboni? Ieleze kwa maneno: inabana, inawasha, inavuta. Ipe namba. Ifuatilie ikipanda kutoka 6 hadi 8, ikikaa, ikishuka hadi 5. Usiifukuze. Kujaribu kwa nguvu kutoifikiria sigara huileta karibu zaidi, na anayeshinda akijiambia "nisivute, nisivute" amekaa nayo chumba kimoja saa nzima. Ukishaiona kiu moja kwa macho yako ikipanda na kushuka bila wewe kufanya lolote, hutaiogopa tena namna ile.

Kisha kuna maneno. Kiu haiji na hisia tu, huja na hoja, na hoja zake ni zilezile kwa karibu kila mtu. Ni vizuri uzijue mapema ili zisikukute mtupu.

"Moja tu." Hakuna aliyerudi kuvuta kwa kuamua kurudi kwenye pakiti nzima, wote walianza na moja, au hata pafu moja la kuazima. Jibu lako liwe: moja ndiyo yote.

"Leo nimechoka mno, nitaacha tena kesho." Kesho utaianza siku ya 1, na siku ya 1, ya 2 na ya 3 ndizo ngumu kuliko zote. Umeshazilipia. Usizinunue mara ya pili.

"Nimeshaonyesha kwamba naweza kuacha, kwa hiyo naweza kuvuta nikitaka." Hii ni hatari kwa sababu inakuja siku nzuri, wakati mtu amejiachia. Sigara ikishawashwa, vipokezi vile havisubiri uamuzi wako wa kesho.

"Bila sigara nitalipuka kwa mawazo." Msongo unaoupata saa hizi kwa sehemu kubwa ni wa kukosa nikotini, na nikotini ndiyo iliyouleta. Tafiti zilizofuatilia watu walioacha kwa miezi kadhaa zimeonyesha kuwa wasiwasi na huzuni zao zilipungua wakilinganishwa na walioendelea kuvuta. Wiki za mwanzo hazitakuonyesha hilo. Subiri.

Hatua ya 6: Panga upya saa za hatari

Asubuhi ndiyo nzito zaidi, kwa sababu mwili umekaa usiku kucha bila nikotini. Badili mfuatano: kama ulikuwa unaamka, unakaa, unavuta, basi sasa inuka moja kwa moja ukaoge, bandika kibandiko, toka nje. Dakika 30 za kwanza zisiwe na nafasi ya kukaa.

Baada ya kula, usibaki mezani. Mswaki ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani, kwani ladha ya dawa ya meno haipatani na moshi.

Kahawa inahitaji maelezo. Moshi wa tumbaku hulifanya ini liondoe kafeini haraka, na ukiacha, kasi hiyo hushuka ndani ya siku chache. Kikombe kilekile sasa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na kiwango cha kafeini kwenye damu kinaweza kufika mara mbili ya kile ulichozoea. Mtu hutetemeka, moyo unamwenda mbio, usiku halali, naye anasema "sigara inanitesa". Punguza kahawa, chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu hadi nusu, na baada ya mchana usiviguse. Kunywea mahali pengine, au kushika kikombe kwa mkono uliokuwa ukishika sigara, pia kunasaidia.

Pombe ningekuomba uiache kabisa kwa wiki 4 za mwanzo. Inaamsha kiu na papo hapo inailegeza ile akili iliyopaswa kuikatalia. Wengi sana huteleza wakiwa na glasi mkononi.

Hasira na huzuni watu huzitarajia. Furaha huwa hawaitarajii. Sherehe, habari njema, kazi iliyokamilika vizuri, marafiki mliopotezana: sigara ilikuwepo kwenye hayo pia, kama zawadi. Andaa zawadi nyingine mapema. Ile fedha ya sigara iweke kando kila siku, taslimu, mahali unapoiona, na ununue nayo kitu chako.

Kuhusu watu: chagua mtu mmoja asiyevuta, au aliyewahi kuacha, na mwombe ruhusa ya kumpigia saa yoyote. Usimwombe akusimamie wala akukemee. Mwambie tu: "Nikikupigia, zungumza nami dakika tano kuhusu chochote." Ukikaribishwa sigara, neno "nimeacha" linafunga mazungumzo, "najaribu kuacha" linayafungua, maana anayejaribu hubembelezwa.

Hatua ya 7: Yasikutishe yanayokuja nayo

Kikohozi kinaweza kuongezeka wiki za mwanzo, kwa kuwa vinyweleo vya njia ya hewa vilivyokuwa vimelemazwa na moshi vinaanza tena kusafisha. Choo kinaweza kuwa kigumu: maji, matunda, mboga, kutembea. Vidonda vidogo vya mdomoni hupona vyenyewe. Usingizi hurejea.

Uzito huwasumbua wengi, hasa wanaoogopa kuacha kwa sababu hiyo. Kwa wastani anayeacha huongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, wengine zaidi, wengine hawaongezeki hata kidogo. Nikotini ilikuwa inapunguza hamu ya kula na kuongeza kasi ya mwili kuchoma chakula, na vyote viwili vinarudi mahali pake. Usianze kujinyima chakula wiki ileile unayojinyima sigara. Njaa na kiu ya sigara ni rahisi sana kuchanganywa. Kula kwa saa maalumu, weka karibu vitu vya kutafuna visivyo na sukari, na uyaache ya mizani hadi mwezi wa 3.

Lakini huzuni nzito ikikaa zaidi ya wiki 2, au ukianza kuwaza kujidhuru, hiyo si arosto ya kuvumilia. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo, na mwambie umeacha sigara, hasa kama uliwahi kuugua sonona.

Hatua ya 8: Tarajia kiu za baadaye

Baada ya mwezi wa 2 kiu hupungua hata unasahau. Halafu siku moja, msibani au safarini au mahali ambapo hujawahi kufika bila sigara, inakupiga kwa ukali wa siku ya 3. Wengi hufadhaika hapo na kusema, "kumbe sijapona." Umepona. Kilichotokea ni kwamba umekutana na jambo ambalo hujawahi kulipitia bila kuvuta, na kila jambo la namna hiyo lina mara yake ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya tukio kubwa la kwanza la kila aina, kaa chini uandike sentensi mpya kama zile za hatua ya 2. Weka chingamu mfukoni hata kama hujaitumia kwa wiki kadhaa. Kiu hizi za baadaye nazo hudumu dakika zilezile chache.

Hatua ya 9: Ukiteleza

Tuseme umevuta moja. Saa moja inayofuata ina uzito kuliko hiyo sigara. Marlatt alieleza vizuri kinachompata mtu hapa: anajiona ameharibu kila kitu, anajilaumu, na lawama hiyo ndiyo inayomfanya amalizie pakiti, kwa hesabu kwamba hakuna tena cha kulinda. Lakini wiki 2 bila sigara ni wiki 2 ambazo vipokezi vilipungua na mapafu yalipumzika, na sigara moja haizifuti.

Zima hiyo sigara, hata kama imefika nusu. Tupa zilizobaki ndani ya maji, sio kwenye jalala unaloweza kurudi kulifungua. Mpigie yule mtu wako umwambie lilivyo. Kisha andika mistari mitatu: nilikuwa wapi, nini kilitangulia, ni sentensi gani sikuwa nayo. Itunge hiyo sentensi sasa.

Kama ni siku kadhaa umekuwa ukivuta, weka tarehe mpya ndani ya wiki hii na ubadili angalau kitu kimoja katika mpango: dozi ya dawa, kiti cha asubuhi, watu wa jioni, pombe. Wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja kabla ya kufaulu, na wengi kati ya wanaorudi hurudi ndani ya siku 8 za mwanzo, kwa hiyo safari hii omba siku chache za kazi nyepesi mapema, kama una uwezo wa kuzipata. Na kama ulikuwa na kibandiko mwilini wakati unateleza, usikibandue kwa hofu wala kwa aibu. Kiache, na kesho asubuhi uweke kipya.